Rivyu: Chess960 kwa dadu ya ludo, kwa Lichess, na ile apu niliyoifuta

Wadau wa chesi, leo naongelea Chess960, maana kuna watu kibao wanaiogopa bila sababu na wengine wanaicheza kila wikiendi ila wanapanga kete vibaya halafu wanalalamika eti mchezo wenyewe wa ovyo. Mchezo hauna shida, shida ni jinsi mnavyopanga. Kwa hiyo hii ni rivyu ya njia tatu za kupata mpangilio wa kuanzia: dadu ya ludo, tovuti ya Lichess, na apu moja ya simu ambayo jina lake nalihifadhi, siko hapa kuharibu biashara ya mtu, nachosema tu nimeshaitoa kwenye simu.

Kwa ambaye hajui, hapa askari wanakaa palepale mstari wa pili kama kawaida, ila ule mstari wa nyuma unachanganywa. Kete ni zilezile na zinatembea vilevile. Bobby Fischer, yule Mmarekani aliyechukua ubingwa wa dunia 1972 kule Reykjavik, ndiye aliyetangaza sheria hizi Buenos Aires tarehe 19 Juni 1996, na sababu yake kila mtu aliyewahi kucheza na dogo wa YouTube anaielewa: watu wanakariri. Unakaa na kijana, anapiga muvu kumi na tano bila hata kukuangalia, saa yake haijapungua, wewe unatoka jasho, halafu ukimtoa kidogo nje ya alichokariri anaanza kuangalia dari. Kwenye 960 dari mnaangalia wote wawili kuanzia muvu ya kwanza, na mimi napenda hivyo.

Sasa njoo kwenye sheria za kupanga, maana hapo ndipo penye utamu. Ziko mbili tu kwa mweupe. Maaskofu wawili lazima wakae rangi tofauti, mmoja kisanduku cheupe mwingine cheusi. Na mfalme lazima awe katikati ya ngome zake mbili, sio lazima zimguse, ila moja iwe kushoto kwake na nyingine kulia. Basi. Halafu mweusi anamfuata mweupe, kete kwa kete, safu kwa safu.

Ukitupa zile kete nane hovyohovyo bila sheria yoyote unapata mipangilio 5,040. Ukisema maaskofu wawe rangi tofauti inabaki 2,880, yaani ukichanganya bila kuangalia, mara 3 kati ya 7 utapata maaskofu wote wawili wa rangi moja, nusu ya ubao hauna askofu kabisa, mchezo unakuwa mlemavu kabla haujaanza. Ukiongeza ile ya mfalme katikati ya ngome inabaki theluthi moja, kwa sababu kati ya ngome, mfalme na ngome kuna namna tatu tu za kupangana na moja ndiyo inayokubalika. 2,880 gawa kwa 3 ni 960. Jina limetoka hapo, hakuna uchawi.

Kwa nini mfalme katikati? Ili kaslingi ibaki, ile ya mfalme kujificha na ngome kutoka. Fischer hakutaka kuiua. Wapo wanaocheza kuchanganya bila kaslingi kabisa, ni mchezo mwingine na una raha yake, ila kwangu mimi mfalme aliyekwama kona bila njia ya kutoka ananiboa.

Haya, dadu ya ludo. Hii ndiyo naipa nyota tano na sitaki ubishi. Toa dadu moja kwenye ludo ya watoto, kaeni mezani. Hesabu kila mara kuanzia kushoto kwa mweupe, upande wa a (safu za ubao zinaitwa a mpaka h, kutoka kushoto kwake). Rusha kwa ajili ya askofu wa visanduku vyeusi: viko vinne, a, c, e na g, kwa hiyo ikija 1 anakaa a, ikija 4 anakaa g, ikija 5 au 6 rusha tena. Askofu wa visanduku vyeupe hivyohivyo, b, d, f, h. Vimebaki visanduku sita, malkia anapata dadu nzima, ikija yoyote anakaa hapo, hakuna kurudia. Vimebaki vitano, farasi wa kwanza, ikija 6 rudia. Vimebaki vinne, farasi wa pili, 5 na 6 rudia. Hapo vimebaki vitatu na huna haja ya dadu tena, ngome, mfalme, ngome, kutoka kushoto. Umeona ujanja wake? Ile sheria ngumu ya mfalme inajitimiza yenyewe kwa sababu umeiacha mwisho. Ukishazoea inachukua muda mfupi kuliko kusubiri simu ya mtu iwake, na kila mtu mezani ameona kwa macho yake, hakuna wa kusema umepanga ili malkia wako apate njia.

Lakini sasa kuna jamaa wanajifanya wajanja, nimeona hii sana, wanaanza na mfalme. Wanasema mfalme hawezi kukaa a wala h kwa sababu lazima awe na ngome pande zote, kwa hiyo ana visanduku sita, b mpaka g, na dadu ina sita, si inaingia vizuri kabisa? Inaingia vizuri ila ni mtego. Kwenye ile mipangilio 960, mfalme anakaa e mara 204 na d mara 204, c na f mara 168 kila moja, b na g mara 108 tu kila moja. Yaani mfalme kwa asili yake anapenda katikati, maana akiwa katikati ngome zina namna nyingi zaidi za kukaa pande zote. Wewe ukimrushia dadu unampa kila kisanduku nafasi sawa, kama 160 kwa 960, kwa hiyo mfalme wa pembeni anatokea karibu mara moja na nusu ya inavyotakiwa. Mtaona kabisa mnacheza michezo mingi ambayo mfalme yuko pembeni tayari na hakuna anayehangaika kufanya kaslingi, halafu mtasema 960 ndivyo ilivyo. Siyo. Ndivyo dadu yenu ilivyo.

Kosa lingine ambalo ni la mezani tu, kwenye kompyuta halipo: mweusi kunakili. Mweupe anapanga, mweusi amekaa upande wa pili, anaangalia mstari wa mwenzake na anapanga kushoto kwenda kulia kama alivyoona mwenzake akipanga. Kaharibu. Kushoto kwa mweusi ni upande wa h, sio a. Kete lazima zitazamane, malkia na malkia safu moja, mfalme na mfalme safu moja, kama kwenye chesi ya kawaida. Ukinakili kwa mkono wa kushoto wako unapata ubao uliozungushwa na mfalme wa e anajikuta d. Dawa yake ndogo, mtu mmoja apange pande zote mbili, kila kete akiiweka anaweka na pacha wake ng'ambo.

Kwa wapenda hesabu kuna njia ya namba ambayo inatokana na Mjerumani Reinhard Scharnagl, aliupa kila mpangilio namba kutoka 0 mpaka 959. Unachukua namba, gawa kwa 4, baki inakwambia askofu wa visanduku vyeupe: 0 ni b, 1 ni d, 2 ni f, 3 ni h. Jibu ligawe tena kwa 4, baki ni askofu wa visanduku vyeusi, a, c, e, g. Jibu ligawe kwa 6, baki ni malkia kwenye vilivyobaki, ukihesabu kutoka sifuri. Linalobaki mwisho ni kati ya 0 na 9, na hilo ndilo la farasi: visanduku vitano vilivyobaki vina jozi kumi, zipange kwa mfuatano, cha kwanza na cha pili ndiyo 0, cha kwanza na cha tatu ndiyo 1, endelea hivyo mpaka cha nne na cha tano ndiyo 9. Jaribu 518. Gawa kwa 4 unapata 129 baki 2, askofu f. 129 kwa 4 ni 32 baki 1, askofu c. 32 kwa 6 ni 5 baki 2, malkia kisanduku cha tatu kilicho wazi, ambacho ni d. Imebaki 5, farasi b na g. Jaza ngome mfalme ngome. Unaiona? Ni chesi ya kawaida, ile ya babu zetu wote, ni namba moja tu kati ya 960.

Uzuri wa namba ni kwamba mnaweza kupangiana kwa meseji, mtu yuko Arusha mwingine yuko Kisumu, mnatumiana tarakimu tatu mmemaliza. Ubaya wake ni binadamu. Mwambie mtu ataje namba yoyote, atakutajia 777. Kila mtu 777. Kwa faida yenu nimeipiga hesabu: kutoka a ni malkia, ngome, mfalme, askofu, askofu, farasi, ngome, farasi. Askari wote wamelindwa toka mwanzo, ni mpangilio mtulivu tu, malkia kajikunja kona. Kwa hiyo mwambie mtu ataje namba kama mnataka kucheka, ila kama mnataka bahati nasibu ya kweli rudini kwenye dadu.

Sasa ile apu. Niliidauniload kwa sababu ilijitangaza inatoa mipangilio ya kipekee ya chesi, na kweli ya kipekee ilikuwa, maana kuna wakati ilinipa maaskofu wote wawili visanduku vyeupe. Nikabonyeza tena, mfalme yuko h, ngome zote ziko kushoto kwake, sasa kaslingi ya upande wa pili tunafanya na nani, na mpiga picha? Halafu ina kitufe cha kumpa kila mchezaji mpangilio wake, mweupe wa kwake mweusi wa kwake. Hiyo kitu ipo duniani na watu wanaicheza, 960 mara 960 inakupa 921,600, ila kwenye apu ilikuwa imewashwa tayari ukifungua na hakuna maelezo, na kwa mchezo wa ushindani mimi siikubali, mmoja anaweza kuzaliwa na maaskofu wanaomlenga mwenzake huku mwenzake farasi wake wamebanwa kona. Kioo ni haki. Tukisikia maumivu tuyasikie wote. Ongeza matangazo ya kubeti kila baada ya kubonyeza mara mbili na bando linaisha huku bado unatafuta mfalme. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya rangi nzuri za ubao.

Kipimo changu cha apu yoyote ya aina hii ni kuibonyeza mara nyingi ukiangalia vitu vitatu tu: rangi za maaskofu, mfalme yuko wapi ukilinganisha na ngome, na mweusi kama anatazamana na mweupe. Ikikosea hata kimoja ifute, maana hayo sio mambo ya bahati, ni aliyeitengeneza hakusoma sheria. Wala kuitengeneza sio kazi ngumu, hata ukichanganya kete nane kienyeji kisha ukatupa kila mpangilio usiofuata sheria, kompyuta itapata mzuri kwa wastani kila baada ya mara tano hivi na itakuwa haki kabisa. Kwa mkono ndio usijaribu hivyo, mtakesha.

Lichess sasa. Hii wengi mnaijua, ilianzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis 2010, ni bure kweli sio bure ya ujanja, haina matangazo, inaishi kwa michango. Chess960 iko mle ndani na ina reitingi yake peke yake, kwa hiyo usiogope kuchafua ile ya blitz, chesi ya haraka. Unaingia, unachagua aina ya mchezo, muda, mpangilio unakuja wenyewe, na ule mchezo unaonyesha namba ya mpangilio, ile ya Scharnagl, kwa hiyo ukiupenda unaandika namba pembeni na kuupanga mezani Jumamosi. Hiyo kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuipenda kuliko zote. Ukimaliza unaiwasha injini ya Stockfish inakuchambulia bure, na inaelewa 960 vizuri, haichanganyikiwi kwenye kaslingi kama sisi.

Ninachoitoa nyota nusu ni kwamba ukitafuta mpinzani wa 960 unasubiri zaidi kuliko kwenye blitz ya kawaida, wachezaji ni wachache, na kwa muda mrefu kama wa dakika 15 ndio kabisa. Ingia kwenye zile arena za Chess960, yaani mashindano ya palepale mtandaoni, watu wamejaa huko. Na mgeni hataambiwa kwa sauti kwamba kaslingi hapa inafanywa kwa kumburuta mfalme mpaka juu ya ngome yake mwenyewe. Ukimpeleka moja kwa moja kisanduku anachoishia kama ulivyozoea, kama kisanduku kile ni jirani au mfalme hawezi kufika, ama unapiga muvu ambayo hukuitaka ama hakuna kinachotokea.

Tubaki hapohapo kwenye kaslingi maana ndiyo inayovuruga urafiki. Sheria ni fupi: popote mlipoanzia, mnaishia palepale kama chesi ya kawaida. Kaslingi ya upande wa h, mfalme anaishia g na ngome f. Ya upande wa a, mfalme anaishia c na ngome d. Hata kama mfalme alianzia b. Visanduku vyote ambavyo mfalme na ngome wanapita au wanaishia viwe wazi, isipokuwa wao wenyewe wawili, mfalme asiwe kwenye cheki na asipite panaposhambuliwa, na wote wawili wawe hawajasogea. Matokeo yake yanachekesha. Kwenye ile 777 mfalme yuko c tayari, kwa hiyo kaslingi ya upande wa a, mfalme hasogei hata kidogo, ngome ya b inamruka inatua d. Watu wanabishana hapo mpaka chai inapoa. Mezani nashauri useme kwa mdomo kabla hujagusa chochote, "nafanya kaslingi", halafu weka mfalme kwanza mahali pake, kisha ngome, ndipo bonyeza saa.

Kingine kabla hujapiga muvu ya kwanza, pitia askari wako wote nane uulize kila mmoja nani anamlinda. Kwenye chesi ya kawaida wote wamelindwa kwa hiyo hatuna hiyo tabia. Chukua namba 0: askofu, askofu, malkia, farasi, farasi, ngome, mfalme, ngome. Askari wa e hana mtu kabisa, na maaskofu wawili wamekaa a na b wanalenga moja kwa moja kwenye kambi ya mfalme wa mwenzako aliyeko g. Ukicheza mpangilio huo kwa mazoea ya e4, yaani askari wa e visanduku viwili mbele, na farasi nje, unaumia mapema. Ndiyo maana nikipata mpangilio mkali namna hii tunaucheza mara mbili, tunabadilishana rangi, asiwepo wa kulalamika.

Wanaosema hii ni michezo ya watoto waangalie waliocheza. 2019 kule Norway kwenye mashindano rasmi ya kwanza ya dunia ya FIDE, shirikisho la chesi la dunia, Wesley So alimchapa Magnus Carlsen fainali 13.5 kwa 2.5, nyumbani kwake Carlsen, na huyo ndiye bingwa wa dunia wa kawaida wakati ule. 2022 Reykjavik akachukua Hikaru Nakamura mbele ya Ian Nepomniachtchi. Februari 2024 Carlsen akashinda Weissenhaus Ujerumani, fainali na Mmarekani Fabiano Caruana, hapo wakaanza kuiita Freestyle, jina la kisasa kwa sheria zilezile za Fischer.

Kwa anayeanza chesi wiki hii simshauri, ajue kwanza ile 518 mpaka kete zimkae mkononi, maana akijifunzia kwenye 960 hatajua kwa nini watu wote wanakimbilia katikati. Kwa wengine wote, mtandaoni Lichess nyota nne na nusu, mezani dadu nyota tano. Na ile ludo ya watoto rudisheni dadu yao mkimaliza, kwangu imeshaleta kesi.